Shajara ya Mradi: Kuijenga Usambara kwa Maboksi

14 Januari

Meza imefika leo asubuhi. Fundi ameiunga kwa mbao za mkaratusi, na juu yake amepigilia plaiwudi ya sentimita 60 kwa 80. Hapo ndipo itakaposimama, Mungu akijalia, Usambara Magharibi: Mombo kwenye ukingo wa kusini, Mlalo karibu na ukingo wa kaskazini, Lushoto katikati, na nyika ya Mkomazi ikijitandaza upande wa machweo.

Mimi nafundisha historia, mwenzangu anafundisha jiografia, na kwa miaka mingi tumekuwa tukipishana mlangoni: yeye anatoka na ramani, mimi naingia na tarehe. Wanafunzi wetu ni watoto wa mlimani hapa hapa. Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 wanakutajia bila kusita. Lakini ukiwauliza kwa nini Mjerumani hakutosheka na bandari ya Tanga, akapanda hadi kwa babu zao, wanatazamana. Jibu liko nje ya dirisha, kwenye mteremko. Tumeamua kuujenga mteremko huo, kisha tuipandishe historia juu yake, kitu kimoja baada ya kingine, kwa pini na nyuzi.

Hesabu tulizokubaliana: skeli ni 1:50,000, kwa hiyo kilomita moja ya ardhi ni sentimita 2 mezani. Maboksi tuliyonayo yana unene wa milimita 4, na kila tabaka litahesabiwa mita 100. Kwa skeli halisi mita 100 zingekuwa milimita 2 tu, maana yake milima yetu itasimama mara mbili ya urefu wake. Mwenzangu alisita kidogo, hapendi ramani inayodanganya. Tumemaliza hivi: kibao cha mbele kitaandikwa waziwazi, "Kimo kimekuzwa mara mbili."

25 Januari

Wiki nzima ya kuomba maboksi madukani. Ya biskuti ni mepesi mno, ya sabuni yanafaa, ya mafuta ya kula yana madoa yanayokataa gundi. Yaliyo bora ni ya televisheni, ila hayapatikani kila siku.

Kazi inakwenda hivi. Unatandaza boksi, juu yake karatasi ya kaboni, juu yake fotokopi ya ramani. Unafuata mstari wa kontua, ule unaounganisha mahali penye kimo kimoja, kwa penseli, taratibu, bila kuinua mkono. Kisha unakata kwa kisu. Kontua ya mita 500 ilituchukua saa mbili na nusu, kwa sababu chini ya mlima mstari unaingia kila bonde na kutoka. Vijana wawili wa kidato cha tatu walioshika kisu leo walianza kwa haraka, wakaharibu boksi mbili, halafu wakatulia wenyewe. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, kumbe huu mstari unapita nyuma ya kwetu." Akanionyesha, na kweli unapita.

Tumepima pia njia ya kupanda. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Kwa rula, kati yao ni sentimita 21 mezani, yaani kama kilomita kumi na nusu. Tukachukua uzi, tukaulaza juu ya barabara kwenye ramani, kona kwa kona, kupitia Soni. Ulipofika Lushoto tukaunyoosha: umezidi sentimita 60. Zile kilomita thelathini na kitu ambazo koasta inazipanda kwa kunguruma ziko humo. Uzi huo tumeuhifadhi kwenye bahasha, tutauhitaji.

8 Februari

Tabaka saba zimeshagandishwa, tumefika mita 1,000, na tayari kitu kinaonekana ambacho ramani bapa haikuwahi kunionyesha.

Upande wa magharibi, kuanzia juu ya Mombo kupita Mazinde hadi Mkumbara, kingo za maboksi zinakaribia kulingana, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mlima unasimama ghafla. Haukwei polepole kama wengi wanavyofikiri. Ukiweka kidole nyikani na kukisogeza sentimita nne, umeshaingia nchi nyingine yenye hewa nyingine.

Wazee wa Kishambaa waliigawa dunia yao kwa mstari huo. Juu ni shambaai, kwenye baridi, migomba na maji. Chini ni nyika, kwenye joto, mbu na mvua isiyoaminika. Lakini hawakuchagua upande mmoja na kuuacha mwingine. Vijiji vikubwa vya zamani, Vugha, Mlalo, Mtae, vimekaa karibu na ukingo, na hilo halikuwa bahati. Mtu wa ukingoni ana migomba nyuma ya nyumba na shamba la mahindi au mtama chini. Nyika ikikauka, ndizi zipo. Baridi ikichelewesha mazao ya juu, ya chini yameshakomaa. Usalama wao ulikuwa kumiliki mteremko mzima, kutoka juu mpaka chini.

Hata masimulizi ya Mbegha yanakaa vizuri kwenye meza hii. Anasimuliwa kuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyeingia milimani na nyama, akaigawa kwa watu waliokuwa na vyakula vya shambani lakini hawana kitoweo, akaua simba, na Washambaa wakamfanya mtawala wao. Ukoo wake, Wakilindi, ulitawala kutoka Vugha, na mfalme aliitwa Simba Mwene. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, ufalme ulikuwa umefika hadi pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea mara mbili, 1848 na 1852. Kwa watu wa mlimani kipimo cha mfalme kilikuwa mvua. Mfalme mwenye nguvu asiye na wapinzani huiponya nchi, kuzifya shi. Wafalme wakigombana nchi inaharibika, kubana shi, na njaa inafuata. Nimewaambia wanafunzi wayaandike maneno hayo mawili ya Kishambaa kwenye daftari la historia, si la methali, kwa sababu yalikuwa siasa.

Baada ya Kimweri vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hapo mteremko unazungumza tena. Semboja, mwanawe, hakujenga nguvu zake Vugha. Alikaa Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, kwenye bunduki, vitambaa na biashara ya watumwa. Kati ya Vugha na Mazinde tunahesabu tabaka zaidi ya saba za boksi, na mamlaka yakaziteremka zote. Watu wa juu walibaki na mfalme wa mvua, wa chini akawa na baruti. Wajerumani walipoingia waliikuta nchi imeshapasuka kwenye ukingo huo huo. Semboja alifariki 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha, akanyongwa na Wajerumani. Washambaa wakawekewa Kinyashi mahali pake.

Nimebandika pini mbili za bluu, Vugha na Mazinde, na sijabandika nyingine leo. Nilitaka zionekane peke yake kwa wiki moja.

1 Machi

Majina. Ramani za enzi ya Kijerumani zina majina ambayo mwanafunzi wa leo hawezi kuyapata popote: Wilhelmstal ni Lushoto, iliyopewa jina la Kaizari Wilhelm. Hohenfriedeberg ni Mlalo, ambako wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walifika 1891. Neu-Hornow ni Shume. Tumekubaliana kila pini iwe na vibendera viwili, jina la mahali juu na jina la kikoloni chini yake kwa herufi ndogo. Mwanafunzi mmoja alipinga, kwa nini tuyaweke kabisa. Nikamwambia ukiliondoa jina la Wilhelmstal hutaweza kuisoma barua hata moja ya wakati ule, na watakaokusomea watakuwa wengine. Amekubali, na mwandiko wa vibendera amepewa yeye, maana ana mkono mzuri.

Oscar Baumann, mchora ramani wa Austria, alipita milima hii 1888 pamoja na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyekwea Kilimanjaro. Safari ile iliishia pwani mikononi mwa Abushiri, aliyewakamata wote wawili na kuwaachia kwa fidia. Baumann alirudi 1890, akakamilisha, na kitabu chake cha Usambara kikatoka 1891. Tazama mfuatano: mpimaji, kisha mmisionari, kisha kampuni, kisha reli. Yote ndani ya miaka michache.

22 Machi

Kilele. Kipande cha mwisho, cha mita 2,200 kule Magamba, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Tulikikata mara tatu kabla hakijakaa sawa.

12 Aprili

Masika imetuonyesha. Tulifunga chumba kwa ajili ya likizo fupi, na ukungu wa Lushoto haubishi hodi. Tuliporudi, tabaka za kati zilikuwa zimefyonza unyevu na kujikunja, na upande wa Soni ulikuwa umefunguka kama mdomo. Gundi ya mbao ilikuwa bado mbichi ndani, ingawa juu imekauka. Kosa langu: nilipaka gundi nyingi nikidhani nyingi ndiyo imara, na sikuacha siku ya kukauka kati ya tabaka na tabaka.

Tumeifungua yote hadi mita 900. Siku tatu za kukausha karibu na jiko la mkaa, dirisha likiwa wazi, na mawe juu ya kila kipande. Sasa tunapaka gundi nyembamba, tunakandamiza usiku kucha, na kesho yake ndipo linawekwa tabaka jingine. Kabla ya kupaka jipsamu tutaziba kingo zote kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa gundi. Tumepoteza wiki tatu.

Ila nimejifunza jambo kuhusu maji kwenye mteremko huu kwa mikono yangu, na litanisaidia tutakapofika kwenye matuta.

3 Mei

Amani. Haimo kwenye meza yetu, iko Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, lakini huwezi kuelewa Wajerumani walichokuja kukitafuta huku bila kwenda kule. Tuliteremka Mombo, Korogwe, Muheza, kisha tukapanda kupitia Sigi na wanafunzi tisa.

Mvua ya Amani ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wa kusi unatoka baharini, unaupiga mlima wa kwanza, unamwaga mzigo wake pale, na nyika iliyo nyuma ya milima inabaki na mabaki. Wajerumani waliuona msitu ule mkubwa wenye miti mirefu, wakaamini kwamba udongo unaobeba miti ya namna hiyo utabeba chochote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafyeka na kupanda kahawa Derema na kwingineko. Kahawa ikasitawi miaka michache, kisha ikafifia. Rutuba ya msitu ule haikuwa chini ardhini, ilikuwa kwenye majani yanayoanguka na kuoza na kunyonywa tena na mizizi. Ukiukata mti umeikata na rutuba. Mvua iliyobaki ikauosha udongo ambao tayari ulikuwa mchachu. Miaka mingi baadaye chai ndiyo iliyofaa, kwa sababu chai inapenda uchachu huo.

Nilimwomba kila mwanafunzi achote udongo kiganjani, mmoja ndani ya msitu na mmoja kwenye ukingo wa shamba la chai. Wa msituni ni mweusi, unanukia, una nyuzinyuzi za mizizi. Unachimba kwa urefu wa kiganja tu, unakutana na wekundu ule ule wa kule kwenye chai. Msichana mmoja alichimba mara nne sehemu tofauti kuhakikisha.

Taasisi ya Amani ilianzishwa 1902, na ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo Afrika ya wakati ule. Walileta mimea kutoka kila pembe ya tropiki: mpira, kwinini, kafuri, viungo, mbao. Miti mingine waliyoleta imegeuka wavamizi, na mtu wa hifadhi alituonyesha Maesopsis ikiwa imeziba nafasi ambayo ingekuwa ya miti ya asili. Na lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima lilitoka kwenye miamba ya huku: mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia yake. Wanafunzi waliliona likiwa limejishika kwenye jiwe lenye kivuli, na hakuna aliyelichuma.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, tulipita mkonge. Hata huo una hesabu yake. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai mwaka 1893 ni 62. Mashamba yote haya ya Tanga yametokana na hiyo 62. Mlima uliwaangusha kwenye kahawa, bonde likawalipa kwa mkonge.

17 Mei

Siku ya nyuzi. Jipsamu imekauka vizuri, rangi imepakwa (kahawia nyikani, kijani mlimani, kijani kibichi sana kuanzia mita 1,800), na leo tumeanza kuipandisha historia.

Uzi mwekundu ni reli. Ilianza Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 12 kwa karibu kilomita 130 za kwanza. Ulaze uzi huo chini ya mlima uone unavyokwenda: unanyemelea mguu wa mlima, Mombo, Mazinde, Mkumbara, haupandi hata tabaka moja. Kila kilichotakiwa kutoka juu kililazimika kushushwa.

Kwa hiyo mshipi wa kuvulia samaki, kutoka Shume hadi Mkumbara. Huo ni waya wa chuma uliojengwa na kampuni ya mbao ya Kijerumani, ukining'inia hewani, ukishusha magogo ya mwangati kutoka zaidi ya mita 1,800 hadi kwenye reli. Tuliufunga juu kwenye pini, tukautelemsha, ukakaza, na vijana wakanyamaza. Hapakuwa na haja ya kueleza. Msitu umefungwa kamba na kuvutwa kwenda bandarini.

Uzi wa kijani ni mipaka ya misitu iliyotengwa, Magamba na Shume, ambayo Waingereza waliirithi na kuiendeleza. Vipande vya karatasi nyeupe ni mashamba ya walowezi. Kwai, ambako katika miaka ya 1890 waliweka shamba la majaribio ya mifugo na mazao ya Ulaya, imepata kipande chake. Kabichi, karoti, plamu na peasi zinazoshuka leo kwenda Dar es Salaam zina uhusiano na miaka ile, na wakulima wa hapa wamezifanya zao kabisa.

Ardhi yenyewe ilichukuliwa kwa karatasi. Amri ya 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali ya Kijerumani. Lakini nani anayesema haina mwenyewe? Shamba la Mshambaa lililopumzishwa miaka kadhaa lina vichaka, halina ua, halina alama ambayo macho ya mgeni yanaitambua. Kwenye kitabu cha mpimaji likaandikwa pori.

Na watu? Hapa kuna jambo ninalotaka kila mtoto anayepita mbele ya meza hii alijue. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa 1898, rupia 3. Bado walowezi wa mlimani wakalalamika hawapati vibarua, kwani mtu mwenye migomba na shamba la nyikani hana sababu ya kwenda kulima kwa mwingine. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaanzisha kadi: kila mwanamume afanye kazi siku 30 kwa Mzungu ndani ya kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza apelekwe kwenye kazi za serikali kwa lazima. Hapo ndipo ulipo ukatili wa mpango ule. Mteremko uliokuwa unampa mtu uhuru wa kukataa ndio uliokuwa unakatwakatwa.

Nimerudi nyuma, nikaitazama meza nikiwa nimesimama mlangoni. Juu kijani cha msitu uliofungwa. Chini mwekundu wa reli, na mkonge ukifuata reli. Katikati vipande vyeupe vya walowezi, na vijiji vimebanwa kati yake. Nimefundisha ukoloni wa Tanganyika miaka yote hii na sikuwahi kuuona ukiwa na umbo.

(Vita vya Kwanza tumeviwekea pini moja tu. Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, wakapita huku katikati ya 1916, na Wilhelmstal ikarudi kuitwa Lushoto.)

31 Mei

Mlalo, nyumbani kwa bibi wa mwanafunzi wetu mmoja. Tulikwenda wanne. Alitukaribisha kwa ndizi za kuchemsha na maharage, na hakutaka tuzungumze chochote kabla hatujala.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kukuuliza habari za matuta."

"Marahaba, wanangu. Matuta." Akacheka kidogo bila furaha. "Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba maji, lakini mgongo wa mama nauona mpaka leo."

Mpango wa Mlalo ulianza 1946, na baadaye ukaenezwa Usambara nzima. Waingereza waliuona mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli, sitaki kulipuuza hilo. Dawa yao ikawa sheria: mashamba ya mteremko yapigwe matuta yaliyofungwa kama vyumba, ili maji yakae. Miteremko mikali ikapigwa marufuku kulimwa mazao ya msimu. Asiyetii, faini au kifungo.

Bibi alichukua kijiti, akachora chini. Mama yake alikuwa na vishamba vitano, kila kimoja upande wake wa mlima, kwa sababu huku kukipata jua kule kunapata ukungu. Matuta ilibidi yapigwe kwenye vyote, kwa jembe la mkono, ardhi ikiwa ngumu, kabla ya mvua. Baba alikuwa kwenye mkonge. "Bwana shamba anakuja na fimbo yake anapima. Fupi. Rudia. Mama anarudia, nami namshikia mtoto." Halafu akachora mstari mwingine ukishuka. "Mvua ikija kubwa, tuta la juu linajaa, linapasuka, linaangukia la pili, la pili linaangukia la tatu. Asubuhi udongo wote uko mtoni. Sasa nani kauharibu?"

Nikakumbuka maboksi yetu ya Aprili, unyevu ulivyokaa ndani na kulifungua tabaka. Mwenzangu wa jiografia alimuuliza maswali mengi juu ya pembe ya mteremko, na yule bibi alimjibu yote, mengine kwa mkono ulioinamishwa.

Watu walikataa. Waliandamana, wakawashutumu watemi kwamba wameiuza nchi, na maneno ya zamani yakarudi: mvua haziji kwa sababu nchi inaharibiwa. TANU ilipofika milimani ilikuta hasira zimeshaiva. Mpango ukafutwa 1957. Ajabu ni kwamba hapa hapa Lushoto, tangu 1981, mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko ulipohimiza kupanda miti na mistari ya majani ya Guatemala kufuata kontua, wengi walikubali, kwani majani yale ni chakula cha ng'ombe wa zizini na hakuna aliyekuja na fimbo. Bibi anayo mistari miwili nyuma ya nyumba. Alitupeleka kuiona.

14 Juni

Vanishi ya kwanza imepakwa, na leo bibi ameletwa na mjukuu wake kuiona Usambara yetu. Aliizunguka meza mara moja kimya. Akaitambua Mlalo bila kusoma kibendera, kwa umbo la bonde lake. Akafuata mto kwa kidole. Kisha kidole kikashuka kaskazini-mashariki, kikavuka ukingo, kikasimama kwenye kahawia tupu.

"Hapa hamjaweka kitu."

Nikasema hapo ni nyikani, bibi, upande wa Mng'aro.

"Najua ni Mng'aro. Babu yangu alilima hapa. Mama alilima hapa. Mbona mmepaacha kama hapana mwenyewe?"

Sikuwa na la kumjibu. Tumebandika reli, msitu, mashamba ya walowezi, kadi ya 1907, na nyika yote tumeiacha tupu, kama alivyoiacha mpimaji wa 1895. Meza nzima inaeleza kwamba Mshambaa aliishi kwa kushika juu na chini, na chini hatukuliwekea shamba lake hata pini moja.

Vanishi ya pili imesimamishwa. Mwenzangu ametoa fotokopi ya pembe ile na kuikuza, na bibi ameanza kutuonyesha: njia ya kushukia, mahali pa kupumzika palipokuwa na mti mkubwa, shamba la babu, shamba la jirani, mahali walipolala wakati wa kulinda ndege. Saba hadi sasa. Jumamosi ijayo tunashuka Mng'aro na mjukuu wake na wanafunzi wawili kuzihakikisha kwa miguu, na kuuliza wazee wa kule zilizobaki. Upande wa Mazinde na Mombo tutamtafuta mtu wa Vugha mwenye umri kama wake. Pini za njano zimeagizwa, paketi mbili.